Maji ya mvua kwenye saiti ya ujenzi Minnesota: funika udongo kwanza, kitambaa cha kunasa tope kije mwisho

Nikifika saiti asubuhi baada ya mvua kubwa, sianzi na makaratasi. Naenda moja kwa moja hadi sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, pale maji yanapotokea, nainama na kuyachota kwa chupa ya kioo. Chupa naiweka juu ya dashibodi ya gari, ndipo naanza kuzunguka. Nikirudi baada ya saa moja, chupa imeshaniambia nusu ya nitakayoyaandika. Mchanga umelala chini zamani, maana huo hushuka kwa sekunde chache tu. Lakini kama ni udongo wa mfinyanzi, maji bado yana rangi ya chai ya maziwa, na ukiiacha chupa hapo hadi kesho kutwa, bado utaikuta chai.

Chai hiyo ndiyo imenifanya niandike haya. Nimekagua saiti za ujenzi hapa Minnesota kwa miaka kadhaa, na kila msimu nakutana na watu wetu, Wakenya, Watanzania, Wakongomani, walioanza kwa kushika koleo la mtu mwingine na leo wana tingatinga lao na lori lenye jina la kampuni yao ubavuni. Kazi wanaijua. Maji ya mvua ndiyo wanayoyachukulia kama jambo la kujaza fomu, hadi siku mvua ya Juni inaposhuka kwa nusu saa na kubeba udongo wao hadi mtoni. Mito ya huku naipenda kama ninavyoupenda Mto Athi wa Kenya, na sitaki watu wangu wawe ndio wanaoichafua.

Kwanza ujue maji yanaenda wapi

Ule wavu wa chuma ulio pembeni mwa barabara hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji taka. Wengi wetu tulikuja tukidhani unaenda huko. Maji ya chooni na jikoni yana bomba lake na mtambo wake. Maji ya mvua yana bomba jingine, na mwisho wa bomba hilo ni kijito, ziwa au mto. Huku kwetu Brooklyn Park, mji jirani na Minneapolis, mengi yanayoingia kwenye wavu yanatokea kwenye kijito cha Shingle Creek, na Shingle Creek inamwaga ndani ya Mississippi pale kaskazini mwa Minneapolis. Hakuna mtu njiani anayeyachuja isipokuwa wewe uliye juu, na bwawa la mtaa kama lipo.

Tope likiingia mtoni halileti rangi tu. Linafunika mayai ya samaki, linaziba mwanga, na linabeba fosforasi iliyoshikana na chembe za udongo. Fosforasi hiyo ndiyo inayolisha ule mwani wa kijani unaofanya maziwa yanuke mwezi Agosti. Ukishuka na Mississippi kusini ya Minneapolis na Saint Paul utafika Ziwa Pepin, ambalo linajaa udongo mara kumi hivi kuliko kabla ya walowezi kuja kulima. Sehemu kubwa ya udongo ule unatoka mashambani na kwenye kingo za Mto Minnesota, siyo kwenye saiti. Lakini ekari moja iliyofunuliwa na kuachwa wazi humwaga udongo mwingi kuliko ekari moja ya nyasi, tena kwa mbali sana, na hiyo ekari ni yako.

Hapo ndipo jimbo linapoingia. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 ilianza kwa kubana mabomba ya viwanda na ya maji taka. Mwaka 1987 Bunge likaongeza maji ya mvua. Kanuni za 1990 zikashika miji mikubwa na saiti za kuanzia ekari 5, kisha za 1999 zikashusha kipimo hadi ekari 1. Minnesota, anayesimamia ni Minnesota Pollution Control Agency, MPCA kwa kifupi. Mimi nitaiita Wakala. Wakala una vibali vya maji ya mvua vya aina tatu: vya miji, vya viwanda na cha ujenzi. Cha ujenzi ndicho chako, na toleo la sasa lilianza tarehe 1 Agosti 2023. Lakini usidhani kile cha mji hakikuhusu. Mji nao umebanwa na kibali chake usimamie saiti zilizo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo utatembelewa na mkaguzi wa mji, na wa Wakala, na pengine na wa mamlaka ya bonde la mto. Wote wanatafuta tope lilelile.

Hesabu ekari zako vizuri

Unahesabu udongo utakaofunuliwa, wala si ukubwa wa nyumba. Ekari 1 ni futi za mraba 43,560. Njia ya muda ya malori imo, mahali pa kurundika udongo pamo, mahali ulipokwangua nyasi ili kuegesha mashine pamo. Na hata kama kiwanja chako ni robo ekari, kikiwa ndani ya mtaa mpya unaojengwa kwa mpango mmoja mkubwa, kibali kinakuhusu. Hapa ndipo nimeona wajenzi wadogo wakikwama: wananunua kiwanja kimoja kwenye mtaa wa viwanja 40 na kujiambia kuwa wao ni wadogo mno kuonekana.

Angalia pia unachotia sahihi. Kibali kinawashika wawili, mwenye mradi na mwendeshaji wa saiti. Ukisaini kama mwendeshaji, kosa la mkandarasi wako mdogo aliyemwaga saruji mtaroni ni lako pia.

Kabla ya kugusa udongo lazima kuwe na mpango wa kuzuia uchafuzi wa maji ya mvua. Kwenye saiti utasikia wakiuita "swip". Wengi hununua ulioandikwa na mhandisi, wakauweka kwenye boksi lililopigiliwa kwenye nguzo getini, wasiufungue tena. Mimi naomba kitu kimoja: chukua ramani yake, tembea nayo kiwanja kizima mvua ikinyesha. Koti la mvua si ghali. Mishale ya ramani inaonyesha maji yaende wapi. Miguu yako itakuonyesha yanaenda wapi kweli. Mara nyingi kuna kona ambayo mhandisi hakuiona, pale jirani alipokata ukingo wake au bomba la zamani linapotema maji. Chora kwa kalamu juu ya ramani ileile, weka tarehe. Mpango ni wa kubadilishwa kadiri saiti inavyobadilika. Mkaguzi akiukuta msafi kama ulivyotoka dukani, anajua haujasomwa.

Funika

Sasa nasema jambo ambalo ningetaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Udongo uliofunikwa hauhitaji kuzuiwa. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu linaupiga kama nyundo ndogo, chembe zinaruka, zinaziba matundu ya ardhi, maji yanakosa pa kuingia, yanaanza kutiririka. Likianguka juu ya majani makavu, nguvu yake inaishia hapo. Kwa hiyo pesa ya kwanza itumie kufunika, ya pili kupunguza mwendo wa maji, na ya mwisho kunasa tope lililokuponyoka. Saiti nyingi hufanya kinyume.

Mimi nilizaliwa Machakos, nikakua nikimwona baba akichimba fanya juu: mtaro unaofuata usawa wa mlima, udongo unatupwa upande wa juu, na baada ya misimu michache shamba limekuwa ngazi. Hakungoja maji yafike bondeni ndipo ahangaike nayo. Aliyakamata juu, yakiwa bado machache na mapole. Kwenye saiti ni hivyohivyo. Chimba kwa awamu, usifunue ekari zote 12 kwa kuwa tu tingatinga limekodiwa kwa wiki. Acha nyasi za zamani zisimame hadi siku utakapozihitaji kuondoka. Maji yanayotoka kwa jirani yazungushe yapite pembeni, yasipite juu ya udongo wako.

Kibali chenyewe kinasema hivi: sehemu ambayo kazi imesimama na haitarudi ndani ya siku 14, anza kuifunika mara moja, na umalize kabla ya siku hizo 14 kwisha. Kama maji yako yanaingia, ndani ya maili 1, kwenye maji ambayo jimbo limeyaweka kwenye orodha maalum au ya yaliyoharibika kwa mambo kama tope na fosforasi, ni siku 7. Maji mengi ya hapa karibu na miji yamo kwenye orodha, kwa hiyo mimi nawaambia watu wangu wahesabu 7 kila mahali, waache kubahatisha.

Kwa eneo tambarare, tandaza majani makavu ya ngano, tani 2 kwa ekari. Ukisimama na kutazama chini ya miguu yako, usione udongo zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kisha pitisha mashine yenye sahani butu iyachomeke kidogo ardhini, la sivyo upepo wa huku utayapeleka kwa jirani kabla ya chakula cha mchana. Kwa mteremko, tumia ule mkeka wa nyuzi unaokuja umekunjwa kama jamvi. Sawazisha udongo kwanza, toa mawe na mabonge, panda mbegu, ndipo ulaze mkeka, ukizika ukingo wake wa juu ndani ya mtaro mdogo na kupiga pini zote ambazo maelezo yanadai. Halafu piga magoti. Jaribu kupitisha mkono chini ya mkeka. Ukipita, maji nayo yatapita, na utakuta chini yake mifereji ambayo juu haionekani hata kidogo. Nimewahi kufunua mkeka mzuri, wa kijani, uliopigwa picha na kulipiwa, nikakuta chini yake korongo linalomeza buti langu lote.

Kitambaa cheusi

Sasa kile kitambaa cheusi cha kunasa tope, kinachosimamishwa kwenye vigingi, ambacho kila mtu wa saiti anakijua. Mwaka wangu wa kwanza, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa na haraka, ikaagiza kitambaa kipigwe kwenye vigingi bila kuchimbiwa. Mita nyingi, siku moja, kikaonekana kizuri kutoka barabarani. Nilikuwa na kijana mmoja kutoka Goma, mchapakazi sana. Nilipomwambia nina wasiwasi akaniangalia kwa mshangao: "Mama, kitambaa si iko?" Kweli kilikuwepo. Usiku ule mvua ikanyesha, na asubuhi tulikikuta bado kimesimama wima, kikavu upande wa chini, huku maji yote yamepita chini yake kama mtu anayepita chini ya pazia. Bwawa la mtaa lilikuwa chai ya maziwa kutoka ukingo hadi ukingo. Bata walikuwa wanaelea humo. Mimi na yule kijana tulisimama tukitazama, hakuna aliyesema neno. Sikulaumu mikono yake, hakuna aliyemwonyesha. Ndiyo maana nakuonyesha wewe.

Kitambaa kinafuata usawa wa ardhi, hakipandi na kushuka. Kikishuka, maji yanakimbia kando yake hadi sehemu ya chini na kupasua hapo. Mkia wa kitambaa uzikwe angalau inchi 6, na udongo ushindiliwe pande zote mbili. Mashine inayokata na kuingiza kwa pamoja hufanya vizuri kuliko koleo. Ncha zake zigeuke zipande mlima, kama mikono inayokumbatia, ili maji yasizunguke pembeni. Futi 100 za kitambaa hazibebi maji ya zaidi ya robo ekari. Na kamwe usikiweke kukatiza mfereji ambao maji yanakimbia. Huko weka vizuizi vya mawe au vya magogo ya nyuzi, maana kitambaa kitageuka tanga.

Kukipima ni rahisi: kishike kwa mikono miwili, kivute kwa nguvu kwenda juu. Kikitoka ardhini, hakikuwa kimewekwa. Tope likifika nusu ya urefu wake, liondoe au weka kingine, ndivyo kibali kinavyotaka. Na kama maji ya asili yapo umbali usiofika futi 50 kutoka kazini kwako, acha ukanda wa mimea wa futi 50 bila kuugusa. Kama haiwezekani, unahitaji safu mbili za vizuizi, zenye nafasi ya futi 5 kati yake pale nafasi ilipo.

Mengine nitapita haraka. Lango la kutokea liwe na kokoto kubwa, urefu wa futi 50 kwa kawaida, na kokoto zikijaa tope zigeuzwe au ziongezwe. Tope likionekana kwenye lami, liondolewe ndani ya siku moja, kwa kufagia, si kwa kulisukuma na maji hadi kwenye wavu. Hiyo ya kusukuma na maji nimeiona mara nyingi mno. Kila wavu ulio chini yako uwekewe kinga, na kinga isafishwe. Rundo la udongo lisikae kwenye mtaro wa barabara hata kwa saa moja. Choo cha kubebeka kifungwe kisianguke.

Saruji inahitaji maneno zaidi. Maji ya kuoshea lori la zege ni makali kama magadi, yanaua samaki, na hayaonekani ya kutisha. Ni ya kijivu tu. Yasiguse ardhi. Weka chombo kisichovuja au shimo lenye turubai zito, lenye kibao kinachosomeka, na umwonyeshe dereva kwa mkono kabla hajaanza kumwaga. Dereva wa zege ana haraka, na ataoshea pale alipo kama hukumwonyesha.

Na kama mradi una bwawa la kunyonya maji, lizungushie uzio tangu siku ya kwanza. Usilichimbe hadi kina chake cha mwisho kabla eneo linalolimwagia halijapata nyasi, wala usiruhusu lori lipite juu yake. Magurudumu yakishindilia udongo huo mara moja, maji hayanyonywi tena, na utalipia kulichimbua upya.

Kagua, andika, rekebisha

Saiti inakaguliwa kila baada ya siku 7, na tena ndani ya saa 24 mvua ikizidi nusu inchi kwa siku. Nunua kipima mvua cha plastiki, kipigilie kwenye nguzo mbali na paa na miti, na umpe mtu mmoja kazi ya kukisoma kila asubuhi saa moja. Kubahatisha kwa programu ya simu kunaleta ubishi, kwa sababu mvua za radi za huku zinaweza kulowesha mtaa mmoja na kuruka wa pili. Anayekagua awe amefundishwa. Chuo Kikuu cha Minnesota kinatoa mafunzo na vyeti vya kazi hii.

Ripoti iandikwe siku hiyohiyo. Usiandike "yote sawa". Andika hivi: "Saa 1:40 asubuhi, mvua inchi 0.8 usiku. Kitambaa cha mashariki, karibu na kiwanja cha 7, tope limefika nusu, futi 15. Wavu wa kona, mfuko umepasuka. Maji ya kutokea yana rangi. Nimemwambia msimamizi, mfuko mpya unafika mchana." Kilichoharibika kirekebishwe kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, nawe urudi uandike kwamba kimerekebishwa. Nimewaona watu wakificha makosa kwenye ripoti ili waonekane wazuri. Mkaguzi wa jimbo akija, kosa lililoandikwa na kurekebishwa linaonyesha mtu anayesimamia saiti yake. Kosa lisiloandikwa linaonyesha mtu asiyeiona au asiyesema kweli. Mkaguzi huyo tembea naye, mwonyeshe na mabaya. Atayaona tu.

Majira ya baridi yana hila yake. Ardhi ikiganda, ukaguzi unaruhusiwa kusimama hadi maji yaanze kutiririka au kazi irudi. Lakini theluji ya Machi inayeyuka juu ya ardhi ambayo bado ni jiwe, haina pa kuingia, inateremka yote. Funika kabla ya Novemba, wakati majani bado yanachomeka. Na chumvi, tafadhali, iwe kidogo. Shingle Creek yetu ina kloridi, ile inayotokana na chumvi, iliyozidi kiasi tangu zamani, na ilikuwa kati ya vijito vya kwanza jimboni kuandikiwa mpango wa kuipunguza. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinaharibu galoni 5 za maji, na hakuna njia rahisi ya kuitoa. Kikombe kimoja cha kahawa kinatosha njia ya gari ya futi 20. Chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu. Tumia mchanga, kisha uufagie.

Kazi haijaisha siku nyumba inapokabidhiwa. Kibali kinafungwa nyasi za kudumu zikiwa zimefika asilimia 70 ya msongamano unaotarajiwa, mabwawa na mitaro imesafishwa tope, na vizuizi vyote vya muda vimeondolewa. Hapo ndipo unatuma taarifa ya kufunga ndani ya siku 30. Rekodi zihifadhi miaka 3 baada ya hapo. Kile kitambaa cheusi king'oe chote pamoja na mkia uliozikwa, usikikate juu ya ardhi ukaacha plastiki humo. Tope kilichokamata lisambaze, tupia mbegu, funika kwa majani makavu, na urudi kulitazama baada ya mvua ya kwanza ukiwa na chupa yako.